Je, Wajua? Yale Ambayo Boksi la Simu Halikuambii

Simama dakika mbili tu mbele ya maduka ya simu ya Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, na winga, dalali wa mtaani, atakuwa ameshakushika mkono. Hatakuuliza unafanya kazi gani, wala kwenu umeme unakatika mara ngapi kwa wiki. Atauliza una shilingi ngapi. Ukishataja, maboksi matano yatapangwa juu ya kaunta, kila moja na namba zake kubwa za kung'aa: 50, 128, 5000, 8. Makala hii imekusanya mambo kuhusu namba hizo, na mengine ambayo hayakuandikwa popote kwenye boksi, kwa ajili ya msomaji ambaye fedha yake ni ya kununua mara moja na anataka kitu cha kumfaa miaka mitatu au minne.

Je, wajua kwamba "8GB RAM" ya kwenye stika inaweza kuwa nne?

Shangazi yangu anauza vitumbua Mbagala. Alinunua simu mpya kwa fedha ya kikoba, na wiki ya tatu akaniita. "Mwanangu, hii nimeambiwa ni nane. Mbona inaganda kama ile ya nne niliyompa mdogo wako?" Nikafungua Mipangilio, nikaingia Kuhusu Simu. Pakasomeka: 4.00 GB + 4.00 GB. Nne ya kwanza ndiyo RAM yenyewe. Nne ya pili ni kipande cha hifadhi, pale zinapokaa picha na video, ambacho simu hukiazima RAM inapobanwa. Hifadhi ni ya polepole sana ikilinganishwa na RAM. Kuazima huko kunasaidia programu zisifungwe ovyo, lakini mwendo hauongezeki.

Nilimweleza kwa kazi yake mwenyewe. RAM ni kikaango cha vitumbua: kikiwa na matundu saba, unachoma saba kwa mkupuo. Hifadhi ni ndoo ya unga uliochachuka. Aliyekuuzia amekuongezea ndoo, matundu ni yale yale. Akaigeuzageuza simu mkononi, akasema, "Kumbe nimelipia ndoo."

Kwa hiyo dukani uliza hivi: "RAM halisi ni ngapi?" Muuzaji mkweli atakujibu bila kigugumizi. Kwa mtu wa WhatsApp, Facebook, miamala ya simu na video za hapa na pale, nne halisi inatosha. Tatu inakwenda kwa kujibana. Mbili ndicho kiwango cha chini ambacho Google ilikiweka kwa Android 13 toleo la Go, lile jepesi lililotengenezwa kwa simu ndogo, na mimi nisingemshauri mtu anunue simu mpya ya mbili leo, hata ikiwa bei inavutia namna gani.

Je, wajua kwamba GB 64 hazifiki 64?

Mtengenezaji anahesabu GB moja kuwa baiti 1,000,000,000. Kompyuta nyingi, hasa za Windows, zinahesabu GB moja kuwa baiti 1,073,741,824. Hakuna aliyedanganya, ila vipimo ni viwili, kama debe la sokoni na kilo ya mizani. Kwa hesabu hiyo ya pili, 64 inakuwa 59 na nusu hivi, na 128 inakuwa 119. Hapo mfumo wa simu wenyewe bado haujachukua sehemu yake, na programu zilizokuja nazo kiwandani nazo zinataka pa kukaa.

Simu ya kwanza ya shangazi, ya GB 32, ilijaa ndani ya mwaka mmoja, na yeye hapigi picha kabisa. Nilipofungua hifadhi nikakuta imejaa video za magrupu: grupu la kikoba, grupu la jumuiya, grupu la harusi ya mtoto wa jirani iliyokwisha tangu mwaka uliopita, na kadi za "asubuhi njema" kwa mamia. Tulizima upakuaji wa moja kwa moja kwenye WhatsApp, tukafuta, simu ikapumua. Kama uko kwenye magrupu zaidi ya matano, nunua yenye GB 128, au angalau yenye tundu la kadi ya kumbukumbu. Tundu hilo siku hizi linaondolewa kimyakimya, hivyo chomoa kitrei cha laini ulitazame kwa macho yako.

Je, wajua kwamba picha ya nukta milioni 50 unaitazama kwenye kioo cha nukta milioni moja?

Kioo cha simu nyingi za bei nafuu kina nukta 720 kwa upana na 1,600 kwa urefu. Zidisha: ni 1,152,000. Picha yako ya "50MP" inapunguzwa hadi kutoshea humo kila unapoiangalia. Ukiituma kwa WhatsApp inabanwa tena kabla haijaondoka. Na vile vijicho vingine viwili au vitatu vilivyopangwa kando ya kamera kuu, kwenye simu za bei ya chini mara nyingi ni vya nukta milioni mbili, vimewekwa ili mgongo wa simu uonekane wa kifahari.

Kipimo cha kweli ni mwanga hafifu. Ingia ndani kabisa ya duka, kwenye kona yenye giza, upige picha ya risiti au kitambulisho chako cha NIDA, kisha uikuze. Herufi ndogo zikisomeka, kamera hiyo itakufaa kwa nyaraka, kwa bidhaa unazouza mtandaoni na kwa picha za familia jioni. Zikiwa ukungu, namba ya kwenye boksi haitakusaidia.

Je, wajua kwamba Tecno, Infinix na itel ni nyumba moja?

Nimeshuhudia watu wakigombania ubora wa Tecno na Infinix kama wa Simba na Yanga. Zote tatu ni za kampuni ya Transsion yenye makao Shenzhen, China, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Zhu Zhaojiang. Kampuni hiyo ilijengeka kwa kuuza simu barani Afrika, na ilijifunza mahitaji yetu mapema: laini mbili kwenye simu moja wakati kupiga mtandao mwingine kulikuwa ghali, betri ya kudumu, na kamera zilizorekebishwa ili nyuso nyeusi zisitoke kama vivuli. Vivyo hivyo Redmi na Poco, zote chimbuko lake ni Xiaomi. Ukijua hilo, linganisha simu kwa simu na uache kubishania majina.

Je, wajua kwamba simu iliyonunuliwa kuliko zote duniani ilikuwa na tochi?

Ni Nokia 1100 ya mwaka 2003. Ziliuzwa zaidi ya milioni 250. Haikuwa na kamera wala intaneti. Ilikuwa na vitufe vilivyozibwa dhidi ya vumbi na taa kichwani. Watanzania tukaziita simu za aina hiyo vitochi, Wakenya wakaziita mulika mwizi. M-Pesa ilipoanza Kenya Machi 2007 ilianzia kwenye simu kama hizo, na mpaka leo menyu ya M-Pesa ya Tanzania, *150*00#, inafunguka kwenye kitochi bila bando hata chembe.

Nalitaja hili kwa sababu kuna watu wanaosukumwa kununua simu janja ambayo hawaihitaji. Babu anayepokea fedha ya matumizi kutoka mjini na kupiga simu mara mbili kwa siku, anayeishi mahali ambapo kuchaji ni mpaka kwa jirani mwenye sola, anahudumiwa vizuri zaidi na kitochi kinachokaa na chaji wiki nzima. Mnunulie hicho, fedha iliyobaki mtumie.

Mahitaji halisi ndiyo mahali pa kuanzia kwa kila mnunuzi. Chukua karatasi uandike kazi za wiki moja, kama zilivyo: nani unampigia, unatuma nini, unauza nini, unasoma wapi, umeme unapatikana saa ngapi. Mwanafunzi anayeandika ripoti ana orodha moja, bodaboda anayetumia ramani juani ana nyingine, na mwalimu anayepokea kazi za wanafunzi kwa barua pepe ana yake. Orodha hiyo ukiwa nayo mfukoni, winga hatakuyumbisha sana.

Je, wajua kwamba kuna iPhone zisizo na tundu la laini kabisa?

Kuanzia iPhone 14 ya mwaka 2022, simu za aina hiyo zilizotengenezwa kwa soko la Marekani hazina kitrei. Zinatumia laini ya kielektroniki peke yake. Zinaingia kwetu kwa wingi kama mtumba, safi, zinang'aa, na mnunuzi anagundua akiwa nyumbani na laini yake mkononi. Baadhi ya mitandao yetu inatoa laini hizo za kielektroniki, lakini siku simu ikizima ghafla huwezi kuchomoa laini ukaitia kwenye kitochi cha dharura.

Simu za Marekani zina mtego mwingine wa mawimbi. Huku kwetu 4G husafirishwa pia kwa masafa ya 800 MHz, ambayo hufika mbali na kupenya kuta vizuri kuliko masafa ya juu, na ndiyo maana yanafaa vijijini. Mafundi wanayajua kwa jina la bendi 20. Baadhi ya simu zilizotengenezwa kwa ajili ya Marekani hazina bendi hiyo. Mjini utaona 4G imejaa. Ukifika shamba inashuka mpaka 3G au inapotea, na utalaumu mtandao bure.

Kuhusu 5G nitasema kwa ufupi: kama mnara wa karibu nawe hauna, usiongeze hata elfu kumi kwa ajili yake.

Je, wajua kwamba joto linaiua betri kuliko chaja?

Betri za lithiamu-ioni zilianza kuuzwa na Sony mwaka 1991, na mwaka 2019 John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa kazi iliyozizaa. Goodenough alikuwa na miaka 97, mzee kuliko wote waliowahi kuipata. Kemia hiyo haipendi joto. Simu iliyofungwa mbele ya bodaboda saa saba mchana, au iliyowekwa chini ya mto huku ikichaji, inazeeka upesi. Kuichomeka ikiwa na asilimia 20 na kuichomoa ikifika 80 hivi kunairefushia maisha, na simu nyingi za sasa zina kitufe cha kuzuia chaji isipite 80.

Namba ya 5000 mAh kwenye boksi ni ya kweli kwa kawaida. Ya pawabenki ndiyo ya kuhesabu. Pawabenki ya 20,000 imepimwa kwa volti 3.7 za seli zake, na inatoa umeme kwa volti 5. Zidisha 20,000 kwa 3.7, gawa kwa 5: unabaki na 14,800, na hapo joto halijachukua chake.

Je, wajua kwamba simu huwa na tarehe ya kuishiwa nguvu hata kama haijaharibika?

Oktoba 2023 WhatsApp ilifunga mlango kwa simu zote zenye Android ya chini ya 5.0. Zilikuwa zinawaka, zinapiga, vioo vizima. Kwa hiyo toleo la Android ni jambo la kuangalia kabla ya rangi ya simu. Angalia pia ahadi ya masasisho: Samsung ilipotoa Galaxy A16 mwaka 2024, simu ya bei ya kati kwenda chini, iliahidi masasisho kwa miaka 6. Simu nyingine za bei hiyo hiyo huahidi miaka miwili, au hazisemi kitu. Mtu anayetunza simu yake vizuri anapoteza zaidi kwa ahadi fupi kuliko kwa kamera duni.

Tuje kwenye kompyuta, ambako watu wanapigwa zaidi kwa sababu fedha ni nyingi na ujuzi ni mdogo.

Je, wajua kwamba Core i7 inaweza kushindwa na Core i5?

Mfano ni huu. Kichakato cha Intel Core i7-7500U kina viini viwili. Core i5-8250U, kilichotoka mwaka mmoja tu baadaye, 2017, kina viini vinne. Vyote viwili vilitengenezwa kwa kompyuta mpakato nyembamba. Muuzaji atakutajia "i7" kwa sauti ya kujaa mdomo, na bei itapanda, ilhali ile i5 ya kizazi cha nane itaiacha mbali kwa kazi nyingi.

Siri iko kwenye tarakimu zinazofuata kistari. i5-6300U ni kizazi cha 6. i5-8350U ni cha 8. i5-1135G7 ni cha 11. Mwombe muuzaji aiwashe, bofya kulia kwenye "This PC", ingia Properties, usome mwenyewe. Stika ya kwenye kiganja cha kompyuta ni karatasi tu, inabanduka na kubandikwa nyingine.

Kizazi cha nane kina umuhimu wake. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 rasmi tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka angalau RAM ya GB 4, hifadhi ya GB 64, kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kwa upande wa Intel orodha yake kwa ujumla inaanzia kizazi cha 8. Tangu hapo maofisi ya Ulaya na Marekani yanauza kompyuta za kizazi cha sita na cha saba, na baadhi zinafika kwetu. Si mbovu. Ila bei yake lazima ishuke, nawe ujue utaziendesha kwa njia gani.

Njia mojawapo ina jina la kindugu. Ubuntu, mfumo wa bure uliotolewa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, umepewa neno la Kibantu la kusini ambalo kwetu ni "utu". Unafaa kwa kompyuta ambazo Windows 11 imezikataa, na kuandika barua, kusoma, kuvinjari na kutazama video kunakwenda vizuri kabisa. Mwaka huo huo wa 2004, mradi wa KiLinux uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Natamani watu wengi zaidi wangeijua kazi ile.

Je, wajua kwamba kompyuta nzito huweza kuponywa na kifaa kinachotoshea kiganjani?

Diski ya zamani ni sahani ya chuma au kioo inayozunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 kila sekunde, na kisindano kinahangaika juu yake kutafuta faili. SSD, hifadhi ya kisasa, haina kinachozunguka. Nilikaa kwa fundi mmoja Ubungo siku aliponibadilishia. Alifungua skrubu tisa za mgongoni, akachomoa ile diski, ikiwa bado ina uvuguvugu, akaniwekea mkononi. Ilikuwa nzito kama kipande cha sabuni ya mche. SSD aliyoiweka mahali pake ilikuwa nyepesi kama boksi tupu la kiberiti. Kompyuta ambayo ilikuwa inaniruhusu nichemshe chai ikiwa inawaka, ikawaka kabla sijamaliza kukaa vizuri kwenye stuli. RAM ilikuwa ile ile, kichakato kile kile.

Ndiyo maana, ukiwa na fedha ya kimoja tu, chagua yenye SSD ya GB 256 kuliko yenye diski ya kuzunguka ya GB 1,000. Na kama kompyuta yako ya zamani imekuchosha, mwone fundi kwanza kabla hujaenda dukani.

Je, wajua kwamba betri ya kompyuta ya mtumba inaweza kukiri umri wake?

Fungua dirisha jeusi la amri kwenye Windows, andika powercfg /batteryreport, ubonyeze Enter. Kompyuta itatengeneza ripoti yenye mistari miwili ya kutazama: uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake leo. Ikiwa kiwandani ilikuwa 50,000 na leo ni 21,000, betri hiyo imebakiza chini ya nusu, hata kama muuzaji anaapa kwamba inakaa saa sita. Punguza bei ya betri mpya palepale. Sijawahi kuona muuzaji akibishana na ripoti hiyo kwa muda mrefu.

Mitumba mizuri, kwa maoni yangu, ni zile kompyuta zilizotengenezwa kwa ajili ya maofisi: Lenovo ThinkPad, Dell Latitude, HP EliteBook. ThinkPad ilianza kwa IBM mwaka 1992 na ikahamia Lenovo mwaka 2005. Hizi hazivutii macho, lakini bawaba zake ni imara, vipuri vinapatikana, na nyingi zinafunguka kwa bisibisi ya kawaida ukaongeza RAM. Mpya ya bei hiyo hiyo mara nyingi imegandishwa RAM ya 4 kwenye ubao wake na haiongezeki milele.

Chromebook nazo zimejaa madukani, nyepesi na za bei ndogo. Kila modeli ina tarehe ya mwisho ya masasisho iliyopangwa na Google. Mwaka 2023 Google iliongeza muda huo hadi miaka 10, ila tarehe inahesabiwa tangu modeli ilipotoka, wala haianzi siku uliyoinunua. Iangalie kwenye mipangilio kabla ya kulipa.

Neno "mpakato", kama "kipakatalishi" cha Wakenya, linatokana na kupakata, kumweka mtoto mapajani. Jina zuri, ila usiipakate juu ya godoro wala blanketi. Matundu ya hewa yako chini yake, na yakizibwa inajichemsha. Na kama kazi yako ni ya mahali pamoja, steshenari kwa mfano, fikiria kompyuta ya mezani. Inatengenezeka kwa urahisi zaidi na kioo chake ni kikubwa. Lakini umeme ukikatika inazima na kazi ya mteja, wakati mpakato una betri yake. Hesabu na bei ya UPS kabla ya kusema ya mezani ni rahisi.

Je, wajua kwamba kompyuta ya dola 100 ilishindikana?

Novemba 2005, mjini Tunis, Nicholas Negroponte alionyesha kompyuta ya watoto iliyokusudiwa kuuzwa dola 100, yenye mkono wa kuzungusha ili izalishe umeme. Kofi Annan, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa wakati huo, alipouzungusha mbele ya waandishi, ukang'oka. Kompyuta ilipoanza kutengenezwa mwaka 2007 haikuwa na mkono ule, na bei ilikaribia dola 200. Rwanda ilikuwa miongoni mwa nchi za Afrika zilizozinunua kwa wingi. Rwanda huko huko, mjini Kigali, ndiko kampuni ya Mara Phones ilikofungua kiwanda cha simu Oktoba 2019, na Oktoba 2023 kiwanda cha kuunganisha simu cha EADAK kikafunguliwa Athi River, Kenya, kikianza na simu za Neon za 4G za KSh 7,499 na 8,999.

Je, wajua bei kamili ya simu ya mkopo?

Safaricom ya Kenya ilianzisha Lipa Mdogo Mdogo mwaka 2020 kwa KSh 20 kwa siku, na sasa mikopo ya aina hiyo iko kila mji wetu. Imewapa simu janja watu ambao wasingezipata, na hilo ni jema. Lakini fanya hesabu yako kabla ya kutia sahihi. Chukua mfano wa kianzio cha Sh 50,000 na Sh 1,000 kila siku kwa siku 365. Jumla ni Sh 415,000. Ukikuta simu ile ile dukani kwa Sh 250,000, hizo 165,000 ndizo bei ya kusubiriwa. Na ukichelewa kulipa, simu inafungwa kwa mbali, pamoja na kazi uliyoinunulia. Kama unaweza kuweka elfu moja hiyo hiyo kwenye kibubu kwa miezi minane na nusu, utaimiliki bila kufuli.

Na je, wajua kwamba simu yako ina namba inayojikagua yenyewe?

Bonyeza *#06#. Zitatokea tarakimu 15, IMEI. Nane za kwanza zinataja modeli. Ya mwisho kabisa inapatikana kwa kukokotoa zile 14 zilizotangulia, kwa kanuni aliyoibuni Hans Peter Luhn wa IBM miaka ya 1950. Ukikosea kuandika tarakimu moja, hesabu inakataa. Namba hiyo ndiyo iliyotumika Kenya ilipozima simu bandia mwishoni mwa Septemba 2012, na Tanzania ilipofanya hivyo Juni 2016. Watu waliamka asubuhi simu ziko hai lakini hazina mtandao.

Jirani yangu alikaribia kununua simu ya jina kubwa kwa bei ya kutupwa, nikiwa naye. Ilikuwa nzuri machoni. Tukabonyeza *#06#, tukatuma IMEI kwenda 15090, namba ya kuhakiki simu Tanzania. Ujumbe ukarudi ukitaja chapa nyingine kabisa. Muuzaji akaichukua simu yake, akasema mtandao una shida leo.

Basi ukienda dukani, fanya mambo matatu mbele ya muuzaji, fedha ikiwa bado mfukoni mwako. Tuma IMEI 15090 kama uko Tanzania, usome chapa na modeli. Kama ni ya mtumba, ifute yote irudi kama ilivyotoka kiwandani, uone kama itadai akaunti ya mtu mwingine. Tia laini yako, upige simu, umsikilize wa upande wa pili. Halafu dai risiti ya EFD yenye IMEI hiyo imeandikwa juu yake, kwa sababu siku ukirudi na malalamiko, hiyo risiti ndiyo itakayokusemea.